Kujalidi Vitini na Maandalio ya Masomo kwa Njia Zinazoruhusu Kubadili Kurasa

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo mwalimu huzifanya bila kuzifikiria sana ni ile ya kuzifunga pamoja karatasi zake. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, vitini vya wanachuo, miongozo ya mazoezi ya kufundisha na mitihani iliyopita, yote hayo huanza yakiwa karatasi zilizo huru, kisha hukusanywa na kupigwa pini, kutiwa gundi, kushonwa au kuwekwa ndani ya faili. Mara nyingi njia inayotumika ni ile iliyo karibu na mkono. Mwenye stepla hupiga pini, na mwenye fedha hupeleka dukani kutiwa spairo.

Jambo hili laonekana dogo, lakini matokeo yake si madogo. Kurasa zilizofungwa kwa namna isiyoruhusu mabadiliko huendelea kufundisha hata baada ya muhtasari kubadilika. Mwalimu hujua kwamba ukurasa fulani umepitwa na wakati, ila kuuondoa ni kukiharibu kitabu kizima. Basi huuacha, akitumaini kukumbuka wakati wa kufundisha. Siku akiwa mgonjwa, mwenzake hushika kitini kilekile na kufundisha yale yaliyokwisha kufutwa. Anayepata hasara ni mwanafunzi, naye hana njia ya kujua.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mkufunzi kulifundisha jambo hili chuoni kama sehemu ya somo la utayarishaji wa zana. Baada ya kuyasoma, msomaji aweze: (a) kueleza tofauti ya njia za kujalidi kwa kuangalia kama zinaruhusu kurasa kubadilishwa, (b) kuchagua njia ifaayo kwa kila aina ya maandishi, (c) kutengeneza jalada la kufunguka kwa vifaa vinavyopatikana kwa urahisi, na (d) kuweka utaratibu wa kubadili kurasa usiowachanganya watumiaji.

1. Kwa nini kurasa hubadilika

Mtaala si jambo la kudumu milele. Hapa Tanzania mihtasari ilipitiwa upya mwaka 1997, tena mwaka 2005 ulipowekwa mkazo wa kujenga umahiri. Mwaka 2015 Darasa la I na la II yalielekezwa zaidi kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwaka 2024 ulianza utekelezaji wa mtaala mwingine mpya kwa hatua, ukianzia baadhi ya madarasa. Mwalimu aliyeanza kazi mwaka 1996 na akafanya kazi mpaka mwaka 2024 ameyapitia mabadiliko hayo yote.

Pamoja na mabadiliko hayo makubwa, yako madogo ya kila muhula: kosa la hesabu katika mfano, mchoro usioeleweka, zoezi lililoonekana gumu mno, takwimu za sensa zilizopatikana upya. Haya madogo ndiyo yanayokuja mara nyingi zaidi, na ndiyo yanayodharauliwa zaidi.

Tuangalie gharama. Tuseme kitini kina karatasi 60, na wanachuo ni 40. Baada ya muhula mmoja imeonekana kwamba karatasi 3 zinahitaji kubadilishwa. Ikiwa vitini vimetiwa gundi, hapana budi kurudufu upya karatasi 2,400, yaani karibu rimu tano. Ikiwa vimejalidiwa kwa njia ya kufunguka, zitahitajika karatasi 120 tu, pungufu ya robo ya rimu. Kwa kuwa karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita mraba ina uzito wa gramu 5 hivi, tofauti hiyo ni kati ya kilo 12 na gramu 600. Chuo chenye bajeti finyu hakiwezi kulipuuza jambo hilo. Na ukweli ni kwamba mara nyingi hizo rimu tano hazipatikani. Kwa hiyo kosa hubaki.

Kompyuta na printa zimerahisisha sana kusahihisha ukurasa mmoja, lakini hazikuondoa tatizo hili. Ukurasa uliosahihishwa hauna faida kama hauna pa kuingia.

2. Maswali manne kabla ya kuchagua

Kabla ya kushika pini au gundi, mwalimu ajiulize maswali manne.

Kwanza, maandishi haya yatabadilika mara ngapi? Andalio la somo hubadilika kila mwaka, kanuni za maktaba huenda zikakaa miaka mitano.

Pili, ni nani atakayebadili kurasa, naye atakuwa na vifaa gani? Njia inayohitaji mashine iliyo mjini haimfai mwalimu aliye kilometa 90 kutoka mjini, hata ikiwa mashine yenyewe ni nzuri.

Tatu, yatashikwa na watu wangapi, na kwa ukali gani? Kitini kinachoingia katika mkoba wa mwanachuo kila siku chahitaji nguvu zaidi kuliko faili linalokaa kabatini.

Nne, je, yapo madhara ikiwa mtu atabadili ukurasa bila ruhusa? Swali hili husahaulika, nalo ndilo zito kuliko yote. Tutalirudia katika sehemu ya 7.

3. Njia zisizoruhusu mabadiliko

Gundi mgongoni. Karatasi hukusanywa, mgongo wa kitabu hupakwa gundi na kufunikwa kwa jalada laini. Kitabu hupendeza, husimama vema katika rafu, na huwa na mgongo wa kuandikia jina. Lakini ukurasa mmoja ukichomolewa, gundi hulegea na majirani zake hufuata. Karatasi mpya ikibandikwa mahali pake haishiki kama zile za kwanza.

Kushona ubavuni. Matundu hutobolewa kwa msumari karibu na ukingo, kisha uzi hupitishwa na kukazwa. Njia hii ni ya bei nafuu na ina nguvu sana, lakini ili kubadili ukurasa mmoja sharti uzi wote ukatwe.

Pini katikati ya mkunjo. Hii ndiyo njia ya madaftari ya mazoezi. Kila mwalimu wa shule ya msingi amekwisha kuona mtoto akichana ukurasa wa mbele ili atengeneze ndege ya karatasi, na baada ya siku mbili ukurasa wa nyuma nao ukaanguka wenyewe. Sababu ni kwamba karatasi moja iliyokunjwa hubeba kurasa nne, mbili upande huu na mbili upande wa pili wa kitabu. Anayetaka kubadili ukurasa mmoja hana budi kuzipiga chapa upya zote nne. Yafaa kuwaonyesha wanachuo daftari lililofunguliwa pini ili walione jambo hili kwa macho.

Waya wa pete mbilimbili. Waya huu hubanwa kwa mashine mpaka ukafunga. Kitabu hufunguka vizuri na kulala bapa mezani. Hata hivyo waya ukishapanuliwa haurudi sawasawa katika umbo lake, kwa hiyo ni heri kuihesabu njia hii miongoni mwa zile za kudumu.

4. Njia zinazoruhusu mabadiliko kwa shida

Pini za stepla pembeni. Pini zaweza kung'olewa na kupigwa nyingine, lakini kila mara karatasi huongezewa matundu, na baada ya mara tatu au nne kona hupasuka. Tena stepla ya kawaida ya mezani hushindwa inapopita karatasi 20 au 25. Njia hii itumike kwa mitihani na maelezo mafupi tu.

Spairo. Waya wa plastiki uliojizungusha huingizwa kwa kuuzungusha katika matundu madogo mengi, na ncha zake hukunjwa. Anayetaka kubadili ukurasa hunyoosha ncha moja na kuuzungusha waya kinyume mpaka utoke, kisha huurudisha. Yawezekana bila mashine kwa mtu mwenye subira, lakini karatasi mpya nayo lazima itobolewe matundu yaleyale kwa vipimo vilevile. Hapo ndipo shida ilipo, maana bila mashine ya kutobolea karatasi hiyo haiingii.

Kitana cha plastiki. Hiki huchanganywa na spairo, na wengi huviita kwa jina moja, ingawa ni vitu viwili tofauti. Kitana kina mgongo mmoja wenye meno yaliyopinda. Kwa karatasi ya A4 meno huwa 21. Mashine ileile iliyokifunga huweza kukifungua, karatasi ikatolewa na nyingine ikaingizwa, bila kuharibu kitu. Kwa chuo chenye mashine yake hii ni njia nzuri sana. Kasoro yake ni kwamba meno hukatika kwa joto na kwa kuzeeka, na mwalimu aliye mbali na mashine atakuwa amefungiwa nje ya kitabu chake mwenyewe.

5. Njia zinazoruhusu mabadiliko kwa urahisi

Faili la pete. Pete mbili au nne za chuma hufunguka kwa mkono, nazo hupita katika matundu ya karatasi. Asili yake si ya jana. Friedrich Soennecken wa mji wa Bonn, Ujerumani, alitoa faili la namna hii pamoja na kitobolea karatasi mwaka 1886, na miaka kumi baadaye Louis Leitz wa Stuttgart akaliboresha kwa kutia wenzo wa kufungulia. Ndilo babu wa boksi faili tunalolijua maofisini.

Faida kubwa ya mpango huu ni vipimo vinavyofuatwa karibu kila nchi itumiayo karatasi za A4. Kwa kiwango cha kimataifa namba ISO 838, matundu mawili huwa na kipenyo cha milimita 6, vitovu vyake vimeachana kwa milimita 80, na viko milimita 12 kutoka ukingoni. Kwa kuwa A4 ina urefu wa milimita 297, tundu la kwanza huwa milimita 108.5 kutoka juu, na la pili milimita 188.5. Karatasi iliyotobolewa Songea huingia katika faili lililonunuliwa Mwanza.

Faili la ulimi wa bati. Hili ni jalada la karatasi ngumu lenye ulimi mwembamba wa bati au plastiki unaopita katika matundu mawili na kukunjwa. Ni la bei nafuu kuliko la pete. Upungufu wake ni kwamba ili kuufikia ukurasa wa chini huna budi kutoa kwanza zote zilizo juu yake, na karatasi hazifunguki vizuri.

Kibanio cha plastiki. Ni mwanzi wa plastiki wenye mfereji, unaosukumwa kwenye ukingo wa karatasi. Hauhitaji matundu. Wafaa kwa kazi za wanachuo zenye karatasi chache. Zikizidi, huteleza na kuachia.

Kamba na matundu mawili. Kamba ya kiatu au uzi wa katani hupitishwa katika matundu mawili ya jalada la boksi na karatasi zote, kisha hufungwa kwa fundo la kufunguka. Mwalimu wa shule yoyote nchini aweza kuitumia njia hii leo bila kuagiza kitu.

6. Kutengeneza jalada la bolti chuoni

Kwa vitini na miongozo inayotumika sana, jalada lifuatalo laweza kutengenezwa na wanachuo wenyewe.

Vifaa: boksi gumu au plaiwudi nyembamba; kitambaa cha turubai au jinzi kuukuu; gundi; bolti mbili zenye unene wa milimita 5 pamoja na nati zake; washa nne; rula; msumari; nyundo.

Hatua ya kwanza: kata vipande viwili vya jalada, kila kimoja kiizidi A4 kwa milimita 5 kila upande, isipokuwa upande wa mgongo ambako ukingo wa jalada na wa karatasi huenda sambamba.

Hatua ya pili: katika jalada la mbele, kata ukanda wenye upana wa milimita 25 upande wa mgongo, kisha uuunganishe tena na jalada kwa kitambaa, ukiacha mwanya wa milimita 3. Mwanya huo ndio bawaba. Usipokuwapo, jalada halitafunguka. Punguza milimita 3 hizo katika ukingo wa mbele ili majalada yote mawili yalingane.

Hatua ya tatu: tengeneza kipimo cha matundu kwa kipande cha boksi, ukifuata vipimo vilivyotajwa katika sehemu ya 5. Kihifadhi kipimo hicho. Kila karatasi itakayoongezwa siku zijazo itatobolewa kwa kipimo hichohicho.

Hatua ya nne: toboa majalada na karatasi. Usitoboe zaidi ya karatasi 10 kwa mara moja, maana msumari huenda upande na matundu ya chini hayalingani na ya juu.

Hatua ya tano: pitisha bolti, weka washa, na ukaze nati kwa vidole. Usikaze kwa spana.

Urefu wa bolti ukadiriwe. Karatasi 100 za gramu 80 hufikia unene wa milimita 10 hivi. Ongeza unene wa majalada, na milimita 10 nyingine kwa ajili ya kurasa zitakazoongezwa. Bolti inayotosha kwa leo tu haitoshi.

Aidha, ukingo wa karatasi upande wa mgongo uachwe wazi kwa milimita 30. Matundu yanayopita katikati ya maneno ni kosa lililofanywa wakati wa kupiga chapa, nalo halirekebishwi wakati wa kujalidi.

7. Utaratibu wa kubadili kurasa, na mipaka yake

Jalada la kufunguka lisilo na utaratibu lina hatari kuliko kitabu cha gundi. Kitabu cha gundi angalau nakala zake zote zinafanana. Majalada 40 yaliyofunguliwa na watu 40 yaweza kuwa vitabu 40 tofauti baada ya mwaka mmoja.

Marubani walilijua jambo hili mapema. Elrey Jeppesen, rubani wa barua huko Marekani, alikuwa akiandika habari za viwanja na njia za ndege katika daftari la karatasi huru, na mwaka 1934 alianza kuziuza kwa wenzake. Kwa rubani, ukurasa wa zamani unaoonyesha urefu usio sahihi wa mlima ni kifo. Kwa hiyo miongozo ya ndege inayochapwa kwenye karatasi huru hutanguliwa na orodha ya kurasa zinazotumika, pamoja na tarehe ya kila ukurasa. Sisi walimu twaweza kuufuata utaratibu huo kama ifuatavyo:

(a) Kila ukurasa uandikwe chini jina la kitini, namba ya toleo na tarehe.

(b) Kurasa zihesabiwe kwa sura: 3–1, 3–2, 3–3. Sura ya tatu ikirefuka, namba za sura ya nne haziguswi.

(c) Kila mada ianze katika karatasi mpya. Karatasi iliyochapwa pande mbili haiwezi kubadilishwa upande mmoja.

(d) Ukurasa ukiongezwa katikati, upewe herufi: 3–2A, 3–2B.

(e) Mbele ya kitini iwepo orodha ya kurasa zinazotumika. Nayo ibadilishwe kila mara kurasa zinapobadilishwa.

(f) Kurasa zilizoondolewa zirudishwe kwa mkufunzi na kuhesabiwa. Zilizorudi zikiwa 38 badala ya 40, wako wanachuo wawili ambao bado wanasoma maelezo ya zamani, nao watafutwe.

(g) Nakala moja ya kila ukurasa ulioondolewa ihifadhiwe, ili ijulikane nini kilifundishwa na lini.

Sasa turudi kwenye swali la nne. Yako maandishi ambayo hayafai kabisa kujalidiwa kwa njia ya kufunguka: daftari la mahudhurio, kumbukumbu za vikao vilivyokwisha kuthibitishwa, daftari la fedha, na orodha za alama za wanafunzi. Kazi ya maandishi hayo ni kushuhudia yaliyotendeka. Ukurasa wa alama unaoweza kuchomolewa usiku na kurudishwa mwingine asubuhi bila kuacha alama yoyote haumlindi mwanafunzi aliyefaulu kwa haki, wala haumlindi mwalimu anayesingiziwa. Daftari la namna hiyo lishonwe, kurasa zake zitiwe namba kwa mfululizo kabla ya kuanza kutumika, na kosa lisahihishwe kwa mstari mmoja juu yake, sahihi na tarehe, si kwa kuondoa ukurasa.

Kanuni ni hii: yale tunayokusudia kufundisha yafunguke; yale yaliyokwisha kutendeka yafungwe.

8. Somo la mfano kwa wanachuo

Muda: dakika 80.

Zana: daftari la mazoezi, kitabu cha gundi kilichochakaa, kitini cha spairo, kingine cha kitana, faili la pete, karatasi 20 kwa kila kundi, kamba, msumari, rula na vipande vya boksi.

Hatua ya 1 (dakika 15). Kila kundi la wanachuo watano lipewe vitabu vya aina mbalimbali na liagizwe kuondoa ukurasa wa 7 na kuweka mwingine bila kuharibu kitabu. Mkufunzi asitoe maelezo kwanza. Waache washindwe na waone mahali wanaposhindwa.

Hatua ya 2 (dakika 15). Makundi yatoe taarifa. Mkufunzi apange majibu ubaoni katika safu tatu: haiwezekani, yawezekana kwa shida, yawezekana kwa urahisi.

Hatua ya 3 (dakika 30). Kila kundi lijalidi karatasi 20 kwa kamba na matundu mawili, likifuata kipimo, kisha libadilishane karatasi moja na kundi jirani. Karatasi isipoingia, vipimo havikufuatwa. Wanachuo watafute kosa wenyewe.

Hatua ya 4 (dakika 20). Majadiliano: ni maandishi gani ya shule yafunguke, na yapi yafungwe? Kila jibu lifuatwe na sababu.

Tathmini isipime uzuri wa jalada peke yake. Swali la msingi ni moja: je, mwalimu mwingine asiyemjua mtengenezaji aweza kubadili ukurasa katika kitini hiki, na kutambua kwamba ndio ukurasa wa mwisho kutolewa?

Hitimisho

Mwanachuo aondokapo chuoni hubeba maandalio yake kama akiba ya kuanzia kazi. Yakiwa yamefungwa kwa gundi, akiba hiyo itamfaa mpaka siku muhtasari utakapobadilika. Yakiwa yanafunguka, yatakua pamoja naye. Vifaa vinavyohitajika ni kamba, msumari na rula. Kinachobaki ni mazoea ya kujiuliza, kabla ya kufunga karatasi, kama atakuja kuzifungua tena.

Maswali ya kujadili

1. Taja maandishi matano yanayotumika katika shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha. Eleza njia ya kujalidi iliyotumika kwa kila moja, na kama ilifaa.

2. Kitini chenye karatasi 45 kimetolewa kwa wanafunzi 70. Karatasi 4 zinabadilishwa. Linganisha idadi ya karatasi zitakazotumika kwa njia ya gundi na kwa njia ya kamba.

3. Kwa nini orodha ya alama haifai kuwekwa katika faili la pete? Ikiwa shule haina daftari lililoshonwa, toa njia mbili za kuzilinda alama hizo.